Ngozi za Jumatatu

Ngozi ya mbuzi haijui uongo. Unaishika kwa miguu ya mbele, unaiinua juani, na kila mahali kisu kilipoteleza jua linapita. Tundu dogo, nuru ndogo. Tundu kubwa, unaona mpaka kwa jirani. Nimenunua ngozi Kakuma miaka mingi na sijawahi kumuuliza mchunaji amefanyaje kazi. Naiinua juani, basi.

Ndivyo nilivyomjua Makuei kabla sijamjua sura: kwa matundu.

Alikuwa Mdinka wa Bor. Aliingia kambi ya wakimbizi ya Kakuma mwaka tisini na mbili akiwa na miaka kumi, akakulia humo, akaoa humo, akazaa watoto watatu humo. Mwaka 2012 alikuwa mwanamume wa miaka thelathini, mrefu kiasi cha kuinamia kila mlango wa Kakuma, sauti nzito katika kwaya ya kanisa, na mwanafunzi wa kuchuna katika slota, yaani machinjio madogo, nyuma ya soko la mjini. Mwanafunzi, ndiyo, na umri huo. Ukitaka kuchuna ngozi za biashara lazima uwe na cheti, na cheti hupewi mpaka uende Lodwar, uchune mbuzi mbele ya watu wa mifugo, bila tundu, kabla ya dakika ishirini kwisha. Wauza nyama wa kambini, Wadinka na Wanuer, walikuwa wamemwambia wazi: leta cheti, mbuzi wetu wote ni wako. Basi hicho cheti ndicho alichokuwa akikitafuta duniani. Kingine chochote alikuwa tayari kungoja.

Mwalimu wake alikuwa Kipkemboi, mkubwa wa wachunaji. Mtu wa kwetu huyo. Mimi natoka Kapsabet, yeye katokea bonde la pili, na mama zetu walinunua chumvi duka moja. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani nina kinyongo cha kabila. Kinyongo changu ni safi kabisa: ni cha ngozi.

Kazi ilianza saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijakasirika. Sheikh wa Kisomali alikuja, akachinja, akanawa mikono, akaenda zake. Kutoka hapo mbuzi alikuwa wa wachunaji. Kipkemboi alichuna kama mtu anayemvua mtoto shati. Na haki yake nampa: alifundisha. Alimshika Makuei mkono, akamwonyesha kisu kinavyolala, kidole gumba kinavyokaa, ngozi inavyovutwa kabla ya kukatwa.

“Laza kisu. Laza! Unachuna au unaandika barua kwa mchumba?”

“Nimelaza, Fundi.”

“Umekilaza wapi? Tumboni mwa mbuzi?”

Tatizo la Makuei lilianzia kwao. Kule ng'ombe akichinjwa ngozi yake ni ya kulalia, na ngozi ya kulalia ikiwa na tundu moja au mawili hakuna anayelalamika. Baba yake alimfundisha kuvuta kwa nguvu na kukata kwa haraka, ili watu wale nyama. Mkono wa baba ulikuwa bado ndani ya mkono wake. Asubuhi moja ungeuona unatii, kisu kinateleza vizuri mgongoni kwa mbuzi wa nne na wa tano. Kesho yake, mbuzi wa kwanza, baba amerudi. Tundu. Tundu. Tundu.

Saa mbili asubuhi kazi ilikwisha. Kipkemboi alijilaza kando ya ukuta kwenye kivuli, kofia usoni, mpaka saa tano, na ole wako umwamshe. Makuei aliosha sakafu. Akishaosha alikwenda laga, huo mto mkavu wa Kakuma, kuchota maji kwenye visima vya mchanga, mitungi kumi. Akirudi alipaka ngozi chumvi. Jioni aliingia banda la ngozi kuzilinda mpaka alfajiri, halafu akashika kisu tena. Mkewe Anyieth alikuwa akiwaambia wanawake bombani kwamba mume wake ni mgeni, anakuja kula na kuaga.

Ulinzi huo ulikuwa wangu. Ngozi zikishapimwa zilikuwa mali yangu, nami nilimpa Kipkemboi kazi ya kuzilinda, yeye abaki na vichwa na kwato za mbuzi wote. Akabaki na vichwa na kwato, ulinzi akamtwika Makuei. Wakati huo sikuuliza. Ngozi zilikuwa salama, na mimi si mama wa mtu.

Mwezi wa kumi na moja akaenda Lodwar kufanya mtihani. Alipewa karatasi ya kusafiri, akapanda lori langu juu ya marobota. Niliona mwenyewe yaliyotokea. Mbuzi alitundikwa, saa ikawekwa, na Makuei akasimama mbele yake akipepesa macho kama mtu aliyemwagiwa mchanga. Alichana tumbo sawasawa. Alipofika mbavuni kisu kikamkataa. Alimaliza kwa dakika ishirini na nane, na matundu sita. Afisa aliyesimamia, mama wa Kiturkana aitwaye Nakeno, akainua ile ngozi juani, akaishusha.

“Miezi sita, bwana. Ujaribu tena.”

Kipkemboi alikuja na mwanafunzi wake, kama mwalimu yeyote. Akaiokota ile ngozi, akaikunja vizuri kama kitenge, akamkabidhi Makuei mbele ya watu wote.

“Shika. Hiki ndicho cheti chako. Kina mihuri sita.”

Watu walicheka. Mimi pia nilitabasamu, sitaficha. Makuei alikipokea kwa mikono miwili, kama walivyomfundisha kwao kupokea kitu cha mkubwa, akakiweka kwapani.

Mwezi wa kwanza, mwaka 2013, mnunuzi wangu wa Nairobi akanirudishia robota kwa robota. Matundu. Safari hiyo sikutabasamu. Nilizimwaga ngozi zote uani, nikakaa kitako nazo siku mbili.

Mimi huweka alama. Mkiani nakata kidogo kwa kisu: mkato mmoja ngozi ya Kipkemboi, mikato miwili ya Makuei. Na kila siku ina uzi wake wa rangi, maana lazima ujue ngozi imekaa chumvini siku ngapi. Nikazipanga kwa mikato, kisha kwa nyuzi. Nikainua moja moja juani. Uzi mweupe, Jumatatu: safi. Uzi mweupe mwingine: safi. Mwingine: tundu moja, dogo. Uzi mwekundu, Jumanne: mawili, matatu. Bluu, manne. Nilipofika uzi wa Jumamosi ilikuwa kama naangalia chujio la chai.

Mtu mvivu huchuna vibaya siku zote. Mtu mjinga pia. Mtu anayechuna vizuri kila Jumatatu na vibaya kila Jumamosi hana uvivu wala ujinga, ana jambo. Nikakaa nikafikiri. Jumamosi adhuhuri lori langu hubeba ngozi zote za wiki. Banda linabaki tupu, hakuna cha kulinda. Jumapili hakuna kuchinja. Kwa hiyo Makuei akishachuna Jumamosi hulala, akaenda kanisani, akalala tena. Jumatatu mkono wake unakumbuka. Wiki nzima iliyobaki unasahau.

Nikamwita Kipkemboi chai.

“Huyu mtu wako,” nikamwambia, “Jumatatu anachuna kama malaika. Jumamosi anachuna kama fisi. Umewahi kuona?”

Alicheka mpaka chai ikamwagikia magotini.

“Dada, una jicho wewe! Mtu mwingine hajaona.” Akasogeza kiti. Tulikuwa watu wa nyumbani, akaongea kama mtu wa nyumbani. “Mzee aliyenifundisha, kule Kitale, alikuwa ananichapa nisipolala baada ya kazi. Kiboko kabisa. Alisema mkono hufundishwa mara mbili. Mara ya kwanza na fundi, mara ya pili na usingizi. Usipolala, alichokupa fundi kinazama kama maji kwenye mchanga.”

“Na Makuei?”

“Makuei namfundisha mara moja.”

“Mpaka lini?”

“Wewe! Akipata cheti nani atachota maji?”

Akanywa chai iliyobaki. Wapo wanaosema kisasi ni cha Mungu. Mimi sikutaka kumsumbua Mungu kwa ajili ya slota. Nilikuwa nimekaa mbele ya mtu aliyeharibu ngozi zangu mwaka mzima, akijua, ili asibebe mtungi. Nikamwagizia kikombe cha pili.

Makuei nilimwambia siku iliyofuata, bila kuzungusha. Alisikiliza amesimama, mikono imening'inia.

“Ile Lodwar,” akasema, “siku tatu kabla, Fundi aliniambia mimi nisifunge macho hata kidogo. Mwizi iko, alisema. Nimezunguka banda mpaka asubuhi, siku tatu. Mwizi hakuna.”

“Alikuwepo. Alikuwa anaiba usingizi.”

Akatazama mkono wake wa kulia kama wa mtu mwingine. “Mama, mimi nitampiga.”

“Ukimpiga utalala kituo cha polisi, na huko hawalali vizuri. Unataka kumpiga au unataka cheti?”

“Yote.”

“Basi ngoja.”

Akaniambia kitu kimoja zaidi. Ile ngozi ya Lodwar alikuwa anailalia, siku zile chache alizolala. Matundu yote sita aliyajua kwa mwili. “Moja iko hapa,” akagusa ubavu. “Nikigeuka inaniamsha. Nasema, asante, nimekumbuka.”

Nikapenda hasira ya namna hiyo. Hasira inayopiga kelele haina kazi.

Wiki ile nilishuka Lodwar na ngozi kumi na mbili, nikazilaza mezani kwa Nakeno. Zote zilikuwa na mkato mmoja mkiani. Ndiyo, za Kipkemboi mwenyewe. Hata fundi huteleza, hasa akizoea kuwa hakuna anayeinua zake juani. Nilizichagua nyumbani kwa uangalifu.

“Huyu ana cheti?” Nakeno akauliza.

“Tangu mwaka 2003.”

Akapitisha kidole kwenye tundu, kikatokea upande wa pili. “Tatizo si mtu,” akasema. “Ni kisu. Nilikuwa nangoja sababu.”

Mwezi wa tano akaja Kakuma na maneno yake mafupi. “Ejok,” aliwasalimu wachunaji, nao wakajibu, “Ejok nooi.” Kisha akawaambia kwamba kuanzia mwezi wa sita kila mchunaji wa eneo lake atapimwa upya, mwenye cheti na asiye na cheti. Kisu kitatumika kuchana tumbo na miguu, basi. Mengine yote kwa ngumi.

“Ngumi?” Kipkemboi akasema. “Mama, ngumi ni ya walevi.”

“Na matundu ni ya nani, mzee?”

Akawaonyesha. Alikunja ngumi, akailowesha, akaiingiza kati ya ngozi na nyama, vifundo vya vidole vikielekea ngozi, akasukuma huku mkono wa pili ukivuta. Ngozi ilitoka na sauti kama ya kubandua plasta. Haina siri, ila ina mahali pa kulegeza na mahali pa kukaza, na mahali hapo hapaonekani. Unapasikia kwa mkono au hupasikii. Alikaa siku tatu, akaacha kila mtu amejaribu, akaondoka.

Siku hiyo ya kwanza Kipkemboi na Makuei walikuwa sawa kabisa, wote wanafunzi. Ngumi ya Makuei ilitoka na vipande vya nyama. Ngumi ya Kipkemboi ilikwama begani, na kila ilipokwama mkono ulikwenda kiunoni kutafuta kisu. Miaka zaidi ya kumi ulikuwa umezoea kwenda huko.

Nikamfuata Kipkemboi siku hiyohiyo.

“Nimerudishiwa ngozi, unajua. Sasa nataka mambo sawa. Ulinzi nilikupa wewe. Vichwa na kwato unakula wewe. Kuanzia leo nikija bandani saa yoyote nataka nikukute wewe. Na chumvi, ngozi ikitoka tu, upake wewe, si mtu mwingine. Ukichoka niambie, nimpe Ajak.”

Ajak alikuwa mchunaji mwingine, na Kipkemboi alikuwa heri ale chumvi yenyewe kuliko kumwona Ajak na kichwa kimoja cha mbuzi.

“Dada, nichoke na nini? Kukaa?”

“Mtihani uko mwezi wa sita. Usije ukasema nilikunyima kulala.”

Akajipiga kifua. “Kulala ni kwa wanafunzi. Mimi si mwanafunzi.”

Nilimkumbusha. Shahidi wangu ni Mungu, na kikombe cha chai. Alisema mwenyewe.

Makuei nilimwambia saa mbili, kazi ikiisha, aje stoo yangu alale kwa muda wa saa moja na nusu. Alikuja na ngozi yake ya matundu sita, akaitandika kati ya magunia. Siku ya kwanza nilimkuta amelala chali, macho wazi, jasho linatiririka chini ya mabati.

“Lala!”

“Mama, siwezi kulala na amri.”

“Basi jifanye.”

Nikalowesha magunia mawili nikayatundika dirishani, upepo ukapoa. Siku ya tatu nilisikia mkoromo. Mimi si mtu wa kuamini maneno ya mzee wa Kitale nisiyemjua, nikampima kama ninavyopima chumvi: wiki moja alale siku hii, siku ya pili nimtume sokoni mpaka jioni. Asubuhi nilisimama slota na simu yangu, nikahesabu dakika. Akilala, kesho yake mbuzi wa kwanza alianza pale mbuzi wa mwisho wa jana alipoishia, wakati mwingine mbele kidogo, kama kuna mtu aliyekuwa akichuna ndani yake wakati yeye anakoroma. Asipolala, mbuzi wa kwanza alimla dakika thelathini na tano, na begani alikwama kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Wiki ya pili sikumtuma tena mahali popote.

Kipkemboi alikuwa bandani na chumvi yake. Akisimama kupaka, sawa. Akikaa juu ya gunia kidevu kikaanza kushuka, na hapo Makuei, aliyekwisha kuamka akiwa mpya, alitokea mlangoni na kikombe.

“Fundi, pole na kazi. Nimeleta chai.”

“Weka hapo.”

Robo saa baadaye: “Fundi, Mama anauliza chumvi imebaki gunia ngapi.”

“Sita! Mwambie sita!”

“Fundi, umelala?”

“Sijalala!”

“Pole. Macho yalikuwa yamefunga, nikafikiri umelala.”

“Nilikuwa nafikiri!”

“Sawa, Fundi. Mimi naenda. Chai isipoe.”

Sikumfundisha hayo. Yalikuwa yake. Kila neno lilikuwa la heshima, ungeweza kulirudia mbele ya padri. Usiku mimi nilipita bandani mara moja, mara mbili, bila saa maalumu, nikagonga bati. “Nipo!” ilijibu sauti. Vizuri, nikaenda kulala.

Wiki ya tatu macho ya Kipkemboi yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa moshini. Asubuhi alianza kila mbuzi kama hajawahi kumwona mbuzi. Aliwatukana mbuzi, akatukana ngumi, akamtukana Nakeno. “Mkono huu umekuwa wa mtu mwingine,” nilimsikia akimwambia Ajak. Ajak akamjibu, “Mrudishie mwenyewe.”

Safari ya Lodwar tuliondoka adhuhuri, siku moja kabla ya mtihani. Makuei alipanda juu ya marobota, akatandika ngozi yake chini ya turubai. Kipkemboi naye akashika kamba apande.

“Hapana,” nikasema. “Mtu wa kwetu anakaa mbele na mimi.”

Nikaongea naye njia nzima. Nilimweleza habari za Kapsabet, ng'ombe wa marehemu mjomba wangu, nani kaoa kwa nani na mahari ilivunjikia wapi. Kichwa chake kikiegemea dirisha nilimgusa goti: “Si unamkumbuka?” Kila laga lori liliposhuka mchangani na kupanda tena, nilianza habari mpya. Dereva alinitazama mara moja tu, akaelewa kwamba ni biashara, akatazama mbele.

Katikati ya njia Kipkemboi akageuka.

“Dada, unafanya nini?”

“Naongea.”

“Unajua sijalala wiki nne.”

“Kweli? Na wewe si mwanafunzi.”

Niliona ile habari ya mzee wa Kitale ikimrudia usoni, polepole, neno kwa neno. Akachungulia nje, akatazama nyuma kwenye turubai.

“Yuko huko analala?”

“Tangu Kakuma.”

Lori liliposimama kupoza injini alishuka mbio kuliko umri wake, akapanda ubavuni, akapiga marobota kwa ngumi. “Makuei! Amka! Mwizi!” Marobota hayakujibu. Alipiga tena. Kutoka chini ya turubai ikasikika sauti nzito ya kwaya, taratibu, bila haraka: “Fundi, mwizi namjua. Niache nilale.”

Lodwar usiku ule Kipkemboi alilala kama gogo. Nasikia wenye nyumba ya wageni waligonga mlango asubuhi mpaka wakadhani amekufa. Haikumsaidia. Usingizi huhifadhi kile mkono ulichoweka wiki zile. Yeye hakuwa ameweka kitu. Alilalia hewa.

Makuei aliitwa wa pili. Nakeno akaweka saa. Alichana tumbo, akachana miguu, akaweka kisu mezani, mbali, akakisukuma kwa kidole ili kila mtu aone. Kisha akalowesha ngumi. Sikumwona akifikiri hata mara moja. Mbavuni ilipita, mgongoni ikapita, na begani, pale pa kulegeza, nilimwona amelegeza. Dakika kumi na saba. Nakeno akaiinua ngozi juani, nasi sote tukatazama. Ilikuwa nyeusi tii, kama mlango uliofungwa.

“Jina?” akauliza, ingawa alilijua, na akaandika.

Kipkemboi alianza vizuri kuliko nilivyotaka. Mgongoni alichelewa. Begani ngumi ikakwama, dakika ya kumi na tano, kumi na sita. Jasho lilimshuka mpaka kwenye mbuzi. Sidhani aliamua, mkono ulikwenda wenyewe kiunoni ulikozoea, ukakuta kile kisu kidogo alichosahau kukivua, na kabla hajajua amefanya nini ngozi ilikwisha kufunguka. Tundu moja tu, lakini nilikuwa nimeona vifuniko vya sufuria vidogo kuliko hilo.

Nakeno alipoiinua, duara la jua lilimwangukia Kipkemboi usoni. Hakuondoka kwenye mwanga ule. Alikuwa kachoka mno.

“Miezi sita, mzee. Ujaribu tena. Cheti cha zamani kiache hapa.”

Nilimtazama Makuei. Nilidhani atacheka, maana mimi nilikuwa nacheka. Hakucheka. Alikuwa anakunja ile ngozi yake ya zamani, pembe kwa pembe, vizuri kama kitenge. Akampelekea Kipkemboi, akampa kwa mikono miwili.

“Shika, Fundi. Hii mimi nimemaliza.”

Kipkemboi alikaa nyumbani siku kumi. Wauza nyama wa kambini walimhamishia Makuei mbuzi wao kama walivyoahidi, na wale wa mjini wakafuata, maana wanataka kazi, hawataki historia. Siku ya kumi na moja Kipkemboi alikuja slota alfajiri, kofia mkononi. Ajak naye alikuwa ameshindwa, na mchunaji mwenye cheti cha ngumi Kakuma nzima alikuwa mmoja. Hapakuwa na mwingine wa kumfundisha.

Nilikuwepo, nilikuwa nahesabu magunia ya chumvi.

“Makuei,” akasema.

“Karibu, Fundi.”

“Nataka unionyeshe hapo begani.”

“Karibu.”

Akamwonyesha. Nilitega sikio nisikie kama atamficha kitu, na hakumficha. Alimshika mkono, akamlowesha ngumi, akaisukuma pamoja naye, akamsimamisha pale pa kulegeza. “Hapa, Fundi. Umesikia? Sasa pole. Pole. Hapo.” Mbuzi wa nne Kipkemboi alipita begani bila kukwama, na uso wake ukafunguka kama wa mtoto.

Saa mbili kazi ilikwisha. Kipkemboi akatafuta kivuli chake cha ukutani, akaanza kushusha kofia usoni. Makuei akaja, akasimama mbele yake na mitungi, mitano mkono huu, mitano mkono huu.

“Maji, Fundi.”

Kipkemboi alitazama mitungi. Akanitazama mimi. Nikaendelea na magunia yangu.

“Sakafu nimeosha mimi leo, maana wewe ni mzee,” Makuei akasema. “Maji ni wewe. Halafu chumvi. Jioni ulinzi, ngozi yako ya kulalia iko bandani, nimekutandikia. Lakini usilale, mwizi iko.”

Mzee wa watu akainuka, akashika mitungi, akashuka laga. Tulimtazama mpaka akapotea kwenye ukingo.

“Utamwacha alale lini?” nikamuuliza.

Makuei alikuwa ameshaketi kwenye kivuli cha ukuta, miguu imefika katikati ya ua. Alivuta kofia usoni.

“Mimi nilipewa Jumapili,” akasema chini ya kofia. “Na yeye atapata Jumapili.”